Gari Lililobeba Mtaa Mzima

Jumatatu, 7 Juni 1999
Pijo imegoma tena. Majirani wameisukuma hadi kona ya msikiti, ikakohoa, ikawaka. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Hapa Mbagala kila mtu ana safari yake kichwani na gari langu.

Nilikwenda kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Dawa ni kupasuliwa. Zamani tuliingia hospitali bure na kusubiri. Siku hizi tunalipa na kusubiri. Niliyaandika hayo gazetini kabla hayajatokea, na kuwa sahihi hakujanisaidia kitu.

Mchana bado naendesha. Usiku naendesha kwa kumbukumbu. Kusoma siwezi tena. Mke wangu Mwanaidi ananisomea magazeti, akifika kwenye hotuba za mawaziri anaruka mistari, anadhani sitambui. Mtu anayeishi kwa kusoma na kubishana, akinyimwa kusoma, hubaki mbishi tu.

Cha kuuza nina kimoja. Vitabu vyangu hanunui mtu. Litauzwa gari.

Jumatano, 9 Juni
Kinondoni. Kuna kampuni inanunua magari kwa kompyuta. Ofisi ni chumba kimoja, feni moja, na binti mmoja anayeitwa Rehema. Unampa habari za gari, anazipeleka Nairobi kwa mtandao, mashine ya huko inarudisha bei. Wanunuzi wako Lubumbashi. Huko Pijo bado wanazipenda.

"Hakuna kupatana, mzee," alinieleza. "Mashine imeshapatana."

Nikamhutubia. Kwamba bei ni mazungumzo ya watu wawili wanaotazamana usoni. Kwamba soko lisilo na uso ni wizi uliovaa tai. Aliendelea kubonyeza.

"Nimekusikia, mzee wangu. Rangi?"

Nyeupe. Ilikuwa.

Miaka yote hii nimeandika kwamba nchi inageuzwa jalala la mitumba. Leo nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikingoja mtumba wangu upangiwe bei.

Aliuliza kama gari limewahi kupinduka, kugongwa, kufanywa teksi. Hapana, hapana, hapana. Basi, maswali yakaisha. Nikanyamaza.

Ijumaa, 11 Juni
Bei imekuja. Rehema amepiga simu dukani kwa jirani. Inatosha macho yote mawili na nauli. Mwanaidi ameketi ghafla kitandani, akasema alhamdulillahi mara nyingi. Ijumaa ijayo atakuja mkaguzi. Akiridhika, wanalichukua.

Nilichonyamazia ni hiki. Mtu wa mtaa huu akifia hospitali, gari langu ndilo linalomleta nyumbani. Viti vya nyuma vinalala, mkeka unatandikwa, maiti analazwa. Akifia nyumbani, linampeleka makaburini. Waislamu na Wakristo, wa Kilwa na wa Newala. Sijawahi kumtoza mtu hata mafuta. Na hakuna mtu mwenye akili timamu, huku wala Lubumbashi, atakayenunua gari la kubebea maiti, au akinunua atanunua kama chuma chakavu.

Nimewachuna ngozi wafanyabiashara wanaoficha kasoro za bidhaa. Kwa majina. Nikashtakiwa. Kwa hiyo leo sina raha.

Nikamwambia Mwanaidi.

"Maiti si kasoro, Baba Salma. Maiti ni mtu. Si limebeba watu?"

"Limebeba."

"Haya, lala."

Nimebishana na maprofesa. Huyu nikamtii, nikalala.

Jumapili, 13 Juni
Habari zimevuja. Bi Kidawa amekuja na sahani ya vitumbua, na Bi Kidawa hagawi vitumbua, anauza. Ukiona vya bure, jua kuna jambo. Ni mjane wa nyumba ya pili ng'ambo ya barabara, mnene, ulimi wake unafika mahali kabla yake.

"Nasikia unaniuzia jeneza langu."

"Ni gari langu, Bi Kidawa."

"Lako likiwa zima. Likizimika linakuwa la nani? Mie mgongo huu umeumia kwa kusukuma gari lako wewe peke yako?"

Nimeandika kurasa na kurasa kwamba mali ya mtu imefinyangwa na mikono ya wengi. Hajasoma hata moja. Kanirudishia zote, bure, pamoja na vitumbua.

Nikamwonyesha macho yangu. Akayatazama kwa makini, moja moja, kama anachagua mayai.

"Pole. Lakini mie nina presha, na mguu huu umevimba. Ningoje kidogo tu ndiyo uliuze."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hilo muulize Mungu. Mie sina haraka."

Mwanaidi alicheka hadi akatoka nje. Mimi sikucheka. Nimechoka kudaiwa huruma na watu ninaowahurumia.

Ijumaa, 18 Juni
Siku mbaya.

Mkaguzi anaitwa Joakim. Shati limenyooshwa, kurunzi mfukoni. Alilala chini ya gari, akasikiliza injini, akapapasa viti. Alikuwa ameridhika, nilimwona. Kisha Bi Kidawa akavuka barabara, taratibu, akilitazama gari si mimi.

"Gari la heri hili, mwanangu," akamwambia. "Hili ndilo lililomleta mume wangu kutoka hospitali. Alilala hapo hapo ulipoweka mkono. Kichwa huku, miguu kule."

Joakim akaondoa mkono.

Mama Neema wa nyumba ya nyuma naye akasogea. Yeye hakuwa na hila, nitaapa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mwanawe wa kwanza naye alirudi humo, na kwamba siku ile niliendesha polepole sana, na hajawahi kunishukuru. Akanishukuru. Mbele ya mkaguzi. Wengine wakaanza kutaja wao. Baba. Shangazi. Fundi baiskeli. Nikasimama nikishukuriwa huku nikifilisiwa.

"Ni kweli, mzee?" Joakim akauliza.

"Ni kweli."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa."

Jibu la kila tapeli niliyepata kumwandika. Limetoka kinywani mwangu bila hata kujikwaa.

Bi Kidawa sitaki kumwona. Wala asiniletee kitu.

Jumanne, 22 Juni
Kinondoni tena. Rehema ananionea huruma, na hilo linaniudhi kuliko bei. Anasema mashine haina mahali pa kuandika habari za maiti, kwa hiyo Joakim ameandika chini kabisa, kwenye mengineyo. Nairobi wamejibu. Bei imekatwa.

Iliyobaki inatosha jicho moja, la kulia.

Kwa hiyo sasa najua. Wote wale niliowabeba, ukiwapeleka sokoni, thamani yao ni jicho langu la kushoto. Rehema alingoja hotuba, haikuja.

"Unakubali, mzee?"

Nimekubali.

Alhamisi, 24 Juni
Limeondoka asubuhi. Halikuwaka, bila shaka. Joakim akakaa kwenye usukani, ametandika taulo juu ya kiti, na mtaa ukasukuma. Wale wale waliokuwa hawataki liuzwe. Hakuna aliyewaita. Liliwaka pale pale kona ya msikiti, likakata kulia kuelekea mjini. Kwa kawaida likiwaka watu hupiga makofi. Leo walijifuta mikono wakarudi makwao.

Bi Kidawa alisimama mlangoni kwake. Sijawahi kumwona hajasema neno.

Kando ya nyumba kuna alama ya mafuta ya injini mahali lilipokuwa likilala. Mwanaidi amemwagia mchanga.

Jumatano, 7 Julai
Jicho la kulia limepasuliwa. Limefungwa. Naandika kwa la kushoto, herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Daktari amekataza kuinama, kukasirika na kubeba mzigo. La katikati nimemwambia asubiri miujiza.

Jumatatu, 12 Julai
Bandeji imetolewa. Mwanaidi ana mvi ambazo sikuwa nazijua.

Nilichosoma kwanza ni makala yangu ya zamani kuhusu mitumba. Kali. Sahihi. Haina mtu hata mmoja ndani yake. Nikaiweka.

Jumapili, 18 Julai
Mzee Chande, fundi cherehani, amefariki alfajiri nyumbani kwake. Watu wawili walikuja kunigongea. Nilipofungua wakabaki wanatazama mahali lilipokuwa gari. Mmoja akasema, "Aa. Samahani, Baba Salma." Mazoea.

Tukamzika kwa miguu. Makaburi ni mbali, kuvuka Barabara ya Kilwa na kupanda ule mchanga. Tulipokezana jeneza. Sikukumbuka marufuku ya daktari hadi lilipokuwa begani kwangu, na hapo halirudishwi. Njiani watu tusiowajua waliacha meza zao za nyanya na karanga, wakaingia chini ya jeneza, wakabeba hatua kadhaa, wakarudi kwenye biashara zao. Hawakuuliza ni nani. Miaka yote niliyopita hapo na gari sikuwa nimewaona. Nilikuwa nawapigia honi.

Jioni nilikaa barazani nikijikanda bega. Bi Kidawa akaja na sahani ya vitumbua. Hatujazungumza tangu siku ya mkaguzi. Akaketi bila kukaribishwa.

"Mbali, eti?"

"Mbali."

"Na Chande alikuwa mwembamba."

"Mwembamba sana."

Akalitazama bega langu. Kisha akaisukuma sahani upande wangu.

"Basi kula wewe. Mie nianze kupungua."

Vilikuwa vitano. Kimoja kimeungua ukingoni, nimekiona vizuri. Nimekula vyote.