Kamba Iliyokuwa Mkononi Mwangu

Mpendwa mshauri, nimemficha shemeji yangu jambo moja kwa miaka ishirini na sita, na naomba msaada wako nilitoe kabla halijanisindikiza kaburini. Moyo wangu umechoka, daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi, na barua hii naiandika mistari mitatu kisha napumzika.

Kazi yangu ilikuwa kuzibua mabomba ya majitaka, majumbani, mahotelini, popote palipoziba. Mimi niliisomea chuoni na cheti kilitundikwa ukutani. Mwenzangu alikuwa shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye hakusoma sana lakini akiweka sikio juu ya bomba anakwambia limeziba kwa mafuta au kwa nguo, na hakosei. Kazi yetu ina desturi moja: kabla ya kuanza unashuka kwenye chemba, lile shimo lenye mfuniko wa chuma, unaziba tundu la kutokea kwa gunia lililoviringwa, ili uchafu unaoung'oa usiende kuziba kwa jirani. Gunia hilo lina kamba, na kamba hufungwa mkononi mwa aliye chini, kusudi asiondoke bila kulivuta, kama mbuzi na kigingi chake.

Siku hiyo tuliitwa kwenye bekari, bomba lilikuwa limejaa mafuta yaliyoganda, akashuka shemeji, akajifunga kamba, na haukupita muda hewa ya mle ikamlewesha, nikamvuta juu akitapika, nikamlaza kivulini, nikaifungua ile kamba mkononi mwake nikaifunga kwangu, nikashuka mimi kumalizia. Kazi ilikwisha vizuri. Nikapanda, nikaivua kamba ninawe mikono kwa sabuni, na mama mwenye bekari akaja na wateja wake kunisifu, "Huyu ndiye fundi msomi, wengine wanabahatisha tu," nami kichwa kikavimba, nikafunika chemba, tukaondoka.

Alasiri mvua ikanyesha. Maji machafu yakakosa njia, yakarudi ndani ya bekari, yakalowesha magunia yote ya unga. Asubuhi tulipofunua chemba tukaliona gunia letu bado limeziba tundu, na kabla sijafungua kinywa shemeji akautazama mkono wake akasema, "Shemeji, ni mimi. Mimi ndiye niliyejifunga kamba." Mshauri, hakuwa ananifichia aibu. Aliamini. Alikumbuka kushuka, hakukumbuka kupanda. Nami nikamshika bega nikasema, "Ajali kazini, ndugu yangu," na watu wakasema nina moyo.

Baada ya hapo kila mteja akawa ananiambia, njoo, lakini yule usije naye. Akaiacha kazi aliyoipenda, akaenda kulinda ghala, na amelinda ghala hadi uzee. Dada yake mwenyewe alimkaripia, "Ulitaka kumwaibisha mume wangu." Wajukuu wanamwita Babu Kizibo, akiaga tu wanapiga kelele, "Babu, kizibo umekitoa?" na nyumba nzima inacheka, na mimi nacheka.

Sasa ndiye anayekuja kila asubuhi kuniinua na kuniosha miguu. Jana ameniambia, "Shemeji, wewe hukunitupa." Nimwambie ukweli nimpoteze yeye na mikono yake, au ninyamaze abaki na amani yake?
Mzee wa Chemba

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu. Pole kwa maradhi, na pole kwa mzigo huu, maana naona umekulemea kuliko huo moyo.

Ila nikuulize: amani ipi? Mtu aliyeishuku mikono yake miaka ishirini na sita ana amani gani? Nina hakika akifunga mlango wa ghala anarudi kuutikisa mara tatu. Wewe umelala na siri, yeye amelala na kosa, na kosa si lake. Usijifunike kwa huruma, baba. Unachokiogopa ni kukosa wa kukuinua asubuhi, na hilo nalielewa, mgonjwa ni mgonjwa. Lakini usimwache mtu akuoshe miguu kwa shukrani ambayo hukuistahili.

Basi fanya hivi. Usimwandikie barua ya kusomwa baada ya mazishi, huko ni kurusha jiwe na kukimbia. Mwambie kwa kinywa chako, wiki hii, dada yake akiwepo asikie, maana naye alimkaripia bure. Kisha waite wajukuu, uwaambie hilo jina ni lako. Mama wa bekari akiwa hai, mtumie mtu amwambie pia. Usimwombe shemeji msamaha papo hapo, mpe nafasi ya kukasirika. Akikaa siku mbili asije, vumilia, mkeo atakuinua.

Na jiandae kwa swali moja. Yeye ni fundi, anajua mkono uliozoea kamba huhisi ikiondoka. Atakuuliza ulikumbuka saa ngapi. Barua yako ndefu imelipita hilo kwa haraka, mzee wangu, nimeisoma mara mbili. Ukimjibu hilo kwa uongo, bora usiseme kabisa.

Kabla ukurasa huu haujaenda kuchapwa, mzee ameleta karatasi nyingine. Ninaitoa kama ilivyo:

Mshauri, nimesema, mke wangu akiwa amekaa kitandani. Shemeji alikuwa ananikausha miguu. Mke wangu alilia, yeye hakulia. Alimaliza mguu wa kulia, akachukua wa kushoto, akaukausha hadi katikati ya vidole, ndipo akauliza, bila kuinua kichwa, "Shemeji, ulikumbuka saa ngapi?"

Nikamwambia. Tulikuwa hatujafika hata kwenye kona. Mvua ilikuwa bado. Nilihisi mkono mwepesi, nikageuka nikamwona yule mama bado amesimama mlangoni na wateja wake, ananipungia, nami nikampungia kwa mkono ule ule, nikaendelea kutembea.