Bibi wa Masaka na Mchumba wa Norsborg

Dada Rehema,

Huku Stockholm baridi inauma meno. Jana, kwake Norsborg, rafiki yangu Nakato alipakua matoke kumkaribisha mchumba wa bintiye, kijana Mkongomani. Mama yake Nakato, aliyetoka Masaka, Uganda, kuja kumkagua, akamuuliza: "Kwenu Wakatoliki au Waprotestanti?" Karne ya kumi na tisa Waganda wa madhehebu hayo walipigana, wakagawana vyeo na ardhi. Binti akainama.

"Siendi kanisani, Bibi," kijana akajibu.

"Afadhali! Hao hatukupigana nao. Kula, mkwe wangu."

Hatukupigana! Vita vilivyokwisha hata mama wa huyo Bibi hajazaliwa! Nami mbishi nikajiona ndani yake.

Nawapenda nyote. Mwambie mumeo, shemeji yangu, tumalize ule ugomvi wetu wa shamba, wajukuu wasije wakaurithi.

Kakako, Sudi