Maji ya Biringanya za Baba

Bengaluru,
Jumatano, saa tisa alasiri.

Kwa kaka yangu mpendwa Virupaksha,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Gangavva pamoja na watoto. Natumaini joto la Gadag halijawazidi, na mgongo wa wifi umepata nafuu. Sisi huku miili ni mizima. Shemeji yako Chandrakant anakusalimu sana, yuko kazini.

Ulipopiga simu Jumapili ulizungumza na Baba peke yake, ukakata kabla sijaomba nikusalimie. Lakini nilisikia, maana unajua anavyoweka sauti juu. Ulimwambia ni aibu, kwa umri wake, watu baki kukupigia kukuarifu kwamba baba yako anaiba maji. Naye akajibu tu, "Haya, mwanangu, nimesikia." Tangu siku hiyo barua hii nimeianza mara nne. Kwa simu nisingeweza. Ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa.

Unakumbuka alivyokuwa ulipomleta kwetu mwaka jana, shamba lilipochukuliwa kupisha barabara. Alikuwa halali wala haamki, yupo tu, uso ameuelekeza ukutani. Nikimpelekea mkate wa mtama anamega mara mbili, anasema ameshiba. Nikaona nimpatie kitu cha kushika mikononi. Nikanunua magunia matatu ya udongo wa kitalu, nikajaza ndoo za rangi zilizotobolewa chini, nikazipanga juu ya paa na kupanda biringanya, pilipili na uwatu. Wiki ya tatu kila kitu kikawa njano. Baba akapanda ngazi polepole, akachota udongo, akaunusa, akaumwaga.

"Umeizika hii mimea, Vasudha," akasema. "Huu si udongo, ni vumbi lililolowa. Nani anaishi humu?"

Nikamwambia hakuna anayeishi humo.

"Basi ndiyo shida yenyewe."

Kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Asubuhi aliwafuata wafagiaji wa mtaa kuwaomba majani makavu kabla hawajayachoma, mpaka wakamzoea na kumwekea. Akaloweka samadi mbichi ya ng'ombe wa jirani pamoja na sukari guru, unga wa dengu na konzi ya udongo kutoka chini ya mti ambao haujawahi kupuliziwa dawa, akawa anakoroga kwa kijiti mara mbili kwa siku. Chandrakant alipolalamikia harufu, Baba akamwambia hiyo harufu ndiyo iliyomlisha mkewe hadi akafikia kuolewa. Kisha akapanga majani na samadi tabaka kwa tabaka, akamwagia ule mchanganyiko, akatukataza kugusa kwa miezi miwili. Tulipofunua, udongo ulikuwa mweusi, mwepesi, umejaa nyungunyungu. Aliniita kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aje kuona mtoto mchanga. Usiku ule alikula mikate mitatu.

Udongo ule tukajazia ndoo, tukapanda upya, na mwezi wa tatu kisima cha jengo kikakauka. Boza la maji likawa linakuja kila baada ya siku moja, likichelewa hatuna kitu. Katibu wa jengo, Bwana Sheshadri, akabandika tangazo: maji ya tangi yasiguse mmea. Baba hakubisha. Alisema udongo ulio hai hunywa kidogo na kutunza. Akafunika kila ndoo kwa majani na makumbi ya nazi. Kwenye ndoo kubwa akafukia vijungu vya udongo usiopakwa rangi, akawa anavijaza maji niliyooshea mchele na dengu, akavifunika kwa visahani, maji yakawa yanatoka jasho taratibu mpaka kwenye mizizi. Kabla ya kuongeza lolote alichomeka kidole hadi kiungo cha pili.

Mimi sikuweza kutulia, Kaka. Saa sita mchana majani ya biringanya yalilegea kama nguo zilizoanikwa. Nilikuwa naacha wali jikoni napanda juu, nashuka, napanda tena, hata mara tano. Baba akaniambia, "Yamepumzika tu. Njoo jioni uyaone." Kweli jioni yalisimama. Lakini kesho yake saa sita nilikuwa kule kule. Nilichokiona mimi hayakuwa majani, ulikuwa ule ukuta na uso wa Baba umeuelekea.

Ndipo maji ya tangi yakaanza kupungua. Bwana Sheshadri akaweka alama ya chaki, na kila asubuhi akakuta pengo la kama ndoo sita. Jumamosi boza halikuja. Nasreen wa ghorofa ya pili, mwenye mtoto wa siku arobaini, akafungua bomba likatoa upepo. Alimwosha mwanawe kwa maji ya kunywa, akabaki na chupa moja ya kushinda nayo kutwa, naye ananyonyesha.

Jioni tukaitwa chini ya ngazi. Bwana Sheshadri aliuliza ni nani, macho ameyaelekeza kwetu. Kila wiki Baba humpelekea Nasreen uwatu ili maziwa yasimpungukie, naye humwita babu. Akamwambia kwa upole, "Babu, kama ni wewe sema tu, nisije nikawadhania wengine."

Baba akasema, "Ni mimi."

Mtu mmoja akacheka, akasema mkulima hata umpandishe ghorofa ya nne atatafuta mfereji. Baba akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo hakupanda tena kwenye paa. Juzi aliniomba mfuko wa nguo, akasema Ijumaa anapanda basi kuja kwako.

Kaka, Baba hakuchukua hata kikombe. Ni mimi. Siku kumi na moja mfululizo, alfajiri kabla watu hawajaamka, nilifungua tangi nikachota ndoo sita. Na pale chini ya ngazi nilisimama karibu naye, bega kwa bega, nikanyamaza.

Jana nilimuuliza kwa nini alisema vile. Akanijibu bila kunitazama kwamba alijua tangu siku ya tatu, akangoja niache mwenyewe. Alichomeka kidole akakuta matope, na nyungunyungu wamepanda juu wakitafuta hewa. Akajiuliza ni nani mwingine anayeweza kuogopa kiasi kile. "Wewe utaishi na watu hawa miaka yote," akasema. "Mimi ni mgeni."

Leo asubuhi nilikwenda kwa Bwana Sheshadri nikamwambia. Alichukua ufunguo wa tangi niliokuwa nao kwa zamu. Halafu nikashuka kwa Nasreen. Aliniambia angalipenda kulisikia hilo Jumamosi ile, mbele ya watu, si leo mlangoni. Akafunga mlango taratibu. Nitalirudia mbele ya watu Jumapili hii, jengo likikutana. Naogopa, lakini nitalirudia.

Baba alikasirika nilipomweleza. Alisema nimemfanya mwongo mbele ya jengo zima. Kisha akapanda juu. Amekagua kila ndoo: nusu ya biringanya zitakufa, mizizi imeoza kwa maji, si kwa kiu. Yuko huko sasa anamwaga udongo ule mzito juani, auchanganye upya na majani makavu. Hajanisemesha tangu saa nne, ila mara moja, kuniambia nimletee chekeche. Mfuko wa nguo bado uko mlangoni, na sijui kama Ijumaa ataubeba.

Ukipata barua hii mpigie simu. Mwombe radhi, na mimi uniseme unavyotaka, nitasikiliza mpaka mwisho. Msalimie sana wifi, wabusu watoto, na majirani wote wanaomuulizia Baba waambie ni mzima.

Ni mimi mdogo wako,
Vasudha