Kengele Ndogo Haijapigwa

Jumatano, 9 Oktoba 2019

Tumemzika mke wangu Lala jana. Mambo ya siku nilikuwa namwambia yeye, mezani. Sasa naandika. Shule niliishia la pili, lakini mwandiko wangu mkubwa, unasomeka kuliko wa daktari.

Kaburi lilikuwa refu mno. Mchimbaji alisikia kengele kubwa imeanza, akachimba la mwanamume. Lala alikuwa mfupi, ananifika kifuani. Jeneza lilikaa upande mmoja, upande wa pili shimo tupu. Wakajaza udongo.

Mtaani wanasema nilikosea. Hapa Santa Apolonia hata mtoto anajua: kubwa ikianza, kafa mwanamume. Ndogo ikianza, mwanamke. Juzi nilipanda mnarani mwenyewe kumtangazia mke wangu, na wanasema ilianza kubwa. Kilio kilitoka kwangu, na mwanamume pale ni mimi tu, wakaja mbio kunililia mimi. Kompadre Fidencio, ndugu yangu wa ubatizo, alifika na mshumaa, akanikuta mlangoni nimesimama, akakaa juu ya ndoo.

"Kompadre," akasema, "nilishakusamehe yote njiani. Sasa itabidi nianze upya."

Watu walicheka. Mimi sikucheka wala sikukasirika.

Sikukosea. Nimepiga kengele zile tangu mguu wa baba yangu uliposhindwa ngazi. Nimepiga na homa. Nimepiga siku ya tetemeko, mnara ukapata ufa unaopitisha mkono, na sikukosa hata moja. Ni upepo tu. Upepo wa volkano unachanganya sauti.

Nimekula tamale, mkate wa mahindi wa mvuke. Sijui ndani ilikuwa na nini.


Alhamisi, 10 Oktoba

Shemeji Chona, dada yake Lala, amekuja kutengeneza msalaba wa chokaa sakafuni, pale mwili ulipolazwa. Kuku alikuwa amekanyaga mkono mmoja wa msalaba.

"Shemeji, dada yangu hajapigiwa."

"Amepigiwa."

"Umepigiwa wewe. Na siku ya wafu inakuja. Atarudi vipi nyumbani mtu ambaye hata hakuagwa?"

Akaendelea kumwaga chokaa, polepole, kama anatia chumvi.

Akasema Jumatano ijayo rozari zinakwisha, msalaba unainuliwa, unapelekwa makaburini. Kabla haujatoka nyumbani, ndogo ilie. Nisipopiga mimi, Evaristo atapanda, na ufunguo wa mnara nitampa yeye moja kwa moja. Evaristo ndiye mayordomo mwaka huu, zamu ya kulitunza kanisa ni yake. Anauza simu. Mikono laini kama mkate uliolowa.

Nikamwambia mji huu una kanisa kila mtaa, na kila kanisa lina desturi yake. Nitawauliza wapigaji wenyewe. Hata kama kubwa ilianza—sisemi ilianza—nitaleta shahidi kwamba pengine ndivyo inavyotakiwa.

"Nenda," akasema. "Ukizunguka, huenda huko watakulisha."


Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeanza na kanisa lile la makuba mengi, uwanjani. Nguzo ndani kama shamba la mahindi. Ukisimama katikati huoni padri. Zuri. Letu lina mwangwi mzuri zaidi.

Nikamuuliza mlinzi mpigaji yuko wapi. Akanionyesha kijisanduku ukutani.

"Huyu hapa, mzee. Swichi. Asubuhi inajiwasha."

"Na mtu akifa?"

"Akifa familia inaweka kwenye simu."

Nikamwambia mimi nina kengele mbili, San Pascual kubwa na Chabela ndogo, na kamba zake nazijua gizani. Chabela nilikuwa naipiga kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika mkate. Akasema hongera. Akaniuliza kama nataka kukaa. Nikakaa. Sijui nilikaa muda gani. Watalii walinipiga picha, nadhani walidhani mimi ni sehemu ya kanisa.

Nimerudi. Nimeweka vikombe viwili mezani. Nikarudisha kimoja.


Jumamosi, 12 Oktoba

Leo kanisa la kilimani. Vijana walipumzika njiani, mimi nilipita tu. Juu nilipumzika kidogo, kwa sababu ya kuangalia mandhari. Volkano inatoa moshi. Makuba ya makanisa kila mahali. Nilitafuta mnara wetu. Ni mdogo ukiwa mbali.

Mpigaji pale ni Don Crisóforo, tulicheza mpira pamoja. Nilimfunga mabao mengi, yeye amesahau. Nikamuuliza huku kwenu mwanamke anaanziwa na ipi.

"Ndogo. Hata viziwi wanajua, Melitón."

"Hakuna siku mmeanza na kubwa?"

"Kwa mwanamke? Labda askofu awe mwanamke."

Kisha akaacha utani. Alikuwa amesikia. Kumbe mji mzima umesikia. Akanishika bega, akasema nichukue embe la kachumbari na pilipili kwa yule mama wa ngazini, atalipa yeye. Nikachukua. Pilipili haikuwasha.

Crisóforo ana mikono yenye sugu. Yangu haina sana, kwa sababu Lala alishona kitambaa kwenye kamba ya Chabela. Aprani yake ya zamani, ya maua ya buluu. Kamba ile mpya ilikuwa inachuna ngozi, akasema amechoka kunipaka mafuta. Ya San Pascual hakushona. Alisema hiyo ni ya wanaume, jipigie mwenyewe.


Jumapili, 13 Oktoba

Nilikwenda kwenye kanisa la vigae. Ukuta wote vigae, kijani na manjano na buluu, unametameta kama samaki. Lala alilipenda. Alisema angekubali kupiga deki pale bure.

Kulikuwa na kundi la wageni kutoka kaskazini na binti wa manispaa, Yadira, anayewatembeza. Alikuwa anawaambia mambo ya mnara. Alikosea. Nikamrekebisha. Akanirudishia tabasamu, akasema, "Basi leo tuna bahati, Don Melitón wa Santa Apolonia yuko nasi, atueleze." Nikaeleza. Nilieleza vizuri sana. Namna ya kusimama, namna ya kuiacha kengele irudi yenyewe, usiivute kama ng'ombe. Kubwa kwa wanaume, ndogo kwa wanawake.

Nilipofika hapo nikanyamaza. Walidhani nimemaliza. Wakapiga makofi.

Mama mmoja mzungu akauliza kupitia kwa Yadira kama mke wangu naye anapenda kengele. Nikasema ndiyo. Akauliza yuko wapi leo. Nikasema nyumbani.

Yadira anajua. Hakutafsiri vizuri, nadhani. Yule mama alinishika mkono kwa muda mrefu.

Jioni Evaristo alipita. Alivua kofia, jambo zuri. "Don Melitón, mimi sitaki ugomvi. Ninaogopa hata ile ngazi. Lakini Doña Chona ameniomba, na mayordomo haombwi mara mbili."

"Utapiga vipi? Hujui."

"Nitavuta kamba."

Nikamwambia ndiyo maana hujui.


Jumatatu, 14 Oktoba

Kanisa la malaika wa chokaa, nje ya mji. Nimekwenda kwa miguu, nimefika. Ndani dari yote nyuso za watoto, matunda, mahindi, manyoya. Zamani nilikuwa nikiingia nashangaa. Leo niliona nyuso tu. Nyingi.

Lakini siyo hilo nililofuata. Nyuma yake, barabarani, kuna kanisa dogo la shambani, la udongo, wageni hawaendi. Mpigaji ni mwanamke, Doña Eduviges, anauza maua. Shamba lake lote manjano sasa, maua ya siku ya wafu. Alikuwa anakata.

Nikamuuliza. Akasema, "Sisi tuna kengele moja, mzee. Akifa mwanamume, ile. Akifa mwanamke, ile ile. Akifa mbuzi wa padri, ile ile."

Nilifurahi. Nikasema basi umeona, si lazima.

Akaendelea kukata. "Watu wanaposikia wanatoka kuulizana njiani nani kafa. Wanabisha nyumba hadi nyumba. Siku mama yangu alipofariki nilipiga, nikashuka, na mtu wa kwanza kukutana naye akaniuliza mimi, nani. Ikabidi niseme. Kwenu hawahitaji kuuliza." Akafunga shada. "Umesema ni kwa ajili ya nani unauliza?"

Akanipa shada, hakutaka kitu. Nimeliweka ndani ya ndoo aliyokalia Fidencio.

Upepo haukuwepo siku ile nilipompigia Lala. Moshi wa volkano ulikuwa umesimama wima. Naandika hili kwa sababu nimelikumbuka, basi.


Jumanne, 15 Oktoba

Mvua. Nimekaa. Chona alileta supu, akanisimamia hadi bakuli likaisha. Akauliza shahidi wangu yuko wapi. Nikasema makanisa bado mengi. Akasema makanisa yapo, siku hazipo.


Jumatano, 16 Oktoba

Naandika nikiwa juu mnarani, kwenye kipande cha boksi la mishumaa, nitakibandika baadaye. Ufunguo ninao mfukoni. Evaristo yuko chini kwenye ngazi ya kwanza, ameshika ukuta. Kashapauka.

Rozari imekwisha. Wameshauzoa msalaba wa chokaa, uko kwenye sanduku mikononi mwa Chona, na wote wamesimama nje ya lango la nyumba yangu. Kutoka hapa nawaona. Fidencio amevaa koti langu, sikumpa mimi, Chona ndiye kampa. Linamkaa vibaya. Maua ya Doña Eduviges yako mbele.

Nimepanda bila kupumzika. Karibu bila kupumzika. Nimejikuta pale pale nilipojikuta siku ile, San Pascual kushoto, Chabela kulia. Siku ile nilikuja mbio, nikanyoosha mkono kulia. Nikaona maua ya buluu. Mkono ukaenda kushoto. Hivyo tu. Hakuna aliyeuvuta.

Evaristo anaita. "Don Melitón, wanangoja. Nipande?"

Nimemwambia akipanda ataanguka, na mimi sitapigia mwanamume mwingine mwezi huu.

Amecheka kidogo.

Kitambaa kimelegea upande wa juu. Alishona kwa uzi mweupe, mshono mrefu, alikuwa na haraka siku ile, maharagwe yalikuwa motoni. Nimekigusa kwa kidole. Ni kitambaa. Kimekauka, kina vumbi, kuna kinyesi cha njiwa. Nilidhani nitasikia kitu. Sijasikia kitu.

Chona ameinua uso. Yuko mbali, lakini najua anatazama mnara. Anasimama kama Lala, uzito mguu mmoja.

Nikipiga, watajua wote, hawatahitaji kuuliza nani. Na mimi nitajua.

Evaristo amepanda ngazi ya pili. Nasikia pumzi yake.

"Rudi chini, mwanangu," nimemwambia. "Napiga mimi."

Ndogo hii nilikuwa naipiga kwa mkono mmoja. Leo inataka miwili. Naiweka penseli chini.