Kisome Kabla ya Kikao cha Ukoo

Sib, Maskati
14 Julai 2025

Leo imetimia miaka mitatu, miezi minne na siku sita tangu tulipoagana pale Mutukula, ukanishikia begi mpaka dereva wa basi akakufokea.

Mpendwa mdogo wangu Mutebi,

U hali gani? Na Mama Nakimuli, ameanza kula? Na migomba ya nyuma ya nyumba, ule ugonjwa wa kunyauka umeisha au ndio mmeamua kuikata? Mimi mwili upo. Mgongo unaniuma kwa kubeba mifuko ya saruji, na joto la mwezi huu humchosha mtu kabla hajashika kazi, ila siumwi.

Pokea tena pole ya mtoto. Siku ile kwenye simu nilikosa neno, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwepo, nimekaa kwenye ndoo, nakusikia ukiniita. Nakimuli nilimwacha hajajua kutembea. Mungu amlaze pema.

Barua hii anaileta Nakalanzi, binti wa watu wa Kyaka anayefanya kazi za ndani huku Bustan. Anakuja likizo. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako huiweka sauti kubwa na uani pote hujaa masikio. Isome kwanza peke yako. Anakuletea na kitabu, na nataka ukisome kabla ya kikao cha ukoo.

Umeniomba jina. Umesema ile karatasi ya kumwondoa Shangazi Nankya kijijini wameshaitia saini wote, limebaki la kwangu mimi mkubwa wenu, na kwamba tarehe 30 Agosti mtaisoma mbele ya watu na kuezua nyumba yake. Jibu langu litakuja, lakini nianze na kitabu.

Nimekipata hivi. Tangu mwezi wa sita tunapiga plasta na rangi nyumba ya mzee mmoja hapa Sib, Mzee Thani. Yeye na mkewe, Bi Mahbuba, ni Waarabu waliotoka Unguja, na nyumbani kwao ni Kiswahili asubuhi mpaka jioni. Tulipohamisha kabati, kitabu kimoja kilianguka kikafunguka. Jalada halipo, kimepigwa chapa zamani, cha Kiswahili. Nikasimama nacho, mzee akaniona.

"We Ssentongo, nimekwambia uhamishe vitabu au uvimalize?"

"Samahani, mzee. Nimeona neno uchawi."

"Basi kichukue. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa mahakama huko kwenu bara, enzi za Mwingereza. Humo mna kesi za watu walioshitakiwa uchawi. Mie nnakijua, sikipendi."

Bi Mahbuba akadakia kutoka jikoni, "Mpe na hivyo vyengine. Mie vikombe vyangu vimo kwenye katoni mwaka wa kumi."

Huku wakati wa joto ni marufuku kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Wenzangu hulala chini ya ngazi. Mimi nikawa nasoma kwa kidole, kurasa tatu au nne kwa siku. Unajua shule niliiacha darasa la sita.

Usianzie mwanzo, mwanzo ni sheria tupu, utasinzia. Chungulia tu ukurasa wa tisa, uone kwamba hata sheria ya mkoloni ilimwadhibu mtu anayemwita mwenzake mchawi. Ajabu, katika kitabu chote nimemwona mmoja tu aliyeadhibiwa kwa hilo.

Kisha nenda ukurasa wa hamsini. Wanaume saba walimwua jirani yao wakiamini wanaokoa kijiji. Jaji aliwaambia anasadiki kwamba waliamini hivyo kweli, halafu akawahukumu kunyongwa. Soma majina yao polepole. Wawili ni ndugu, baba mmoja mama mmoja.

Ukimaliza, pumzika, ndipo usome ukurasa wa sabini na tatu. Huo ndio uliofanya nikuandikie.

Ni mjane. Watoto wa jirani walikufa wawili kwa mwezi mmoja, wazee wakamwuliza siku tatu. Siku ya nne akakubali. Unajua ilivyokuwa kwa watu wa zamani: mtu akikubali, akatoa kuku, akawanawisha maji waliomkasirikia, neno limekwisha, anarudi kwake. Alikubali ili arudi kupika. Lakini safari hii palikuwa na bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na karani, na kule kukubali kukaandikwa kuwa ndio ushahidi. Akahamishiwa mbali, asirudi tena. Maneno yake humo ni mstari mmoja: "Andikeni ni mimi, nimechoka."

Pembeni ya mstari huo kuna penseli, herufi za Kiarabu. Nilidhani ni dua. Nikampelekea Mzee Thani anisomee. Akavaa miwani, akatazama muda mrefu. Haikuwa dua, ilikuwa Kiswahili, mkono wa baba yake. Akasoma: "Alikuwa akilia. Hili sikuliandika." Kisha akavua miwani na kuifuta, akaifuta tena. Bi Mahbuba akauliza mbona chai inapoa.

Nimekunakilia maneno hayo chini ya ukurasa kwa herufi zetu, uyaone.

Sasa kumbuka sauti uliyonitumia mwezi uliopita. Ulisema, "Kaka, ubishi umekwisha, Shangazi mwenyewe amekubali." Na ukataja maneno yake: "Haya, ni mimi, niacheni nikalale." Niliposikia nilikuwa bado sijafika ukurasa ule. Nilipofika nilikifunga kitabu nikakiweka chini, nikakaa mbali nacho kidogo. Mutebi, ni mwanamke yule yule. Mmemwuliza siku ngapi? Alikuwa amekula?

Mtoto aliogeshwa majani na Shangazi Jumanne, Alhamisi akafa. Ni kweli. Nasi alituogesha majani hayo hayo, wewe mara nyingi zaidi, maana ulikuwa mgonjwa mgonjwa. Kilichomwua mtoto sikijui. Nawe hukijui, ndugu yangu, na najua hilo ndilo linalokuumiza kuliko yote.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Ulikuwa na miaka sita, huenda unakumbuka yule bibi mfinyanzi aliyekaa karibu na chemchemi. Ng'ombe wa Baba walikufa wanne, kisha Baba Mdogo naye akafa. Wanaume walikaa pale kwetu wakaniita, mimi mtoto wa miaka kumi na moja, kwa sababu ndiye niliyekuwa nikichota maji. Wakaniuliza kama nilimwona akizika kitu migombani. Nikasema hapana. Wakauliza tena, nikasema hapana. Mara ya tatu Baba alinitazama, na niliona kwamba anataka nimsaidie. Nikasema ndiyo, nilimwona. Nikapewa nyama nikale na wakubwa.

Sikumwona akizika kitu. Nilimwona akichimba udongo wa vyungu vyake, kama kila siku.

Waliezua nyumba yake siku hiyo hiyo. Aliondoka na mkeka kichwani, na aliyemsindikiza mpaka kivukoni alikuwa mtu mmoja tu, Shangazi Nankya. Baadaye tulisikia alifia njiani, hakufika kwa ndugu zake. Watu walisema, mnaona, Mungu amehukumu. Nami nikasema hivyo hivyo.

Kazi yangu huku ni kukoroga. Mchana plasta inapoanza kukauka mikononi, inapasuka pasuka kwenye vidole na kuwa rangi ile ya udongo wake. Ninawe nisinawe, nikiitazama mikono yangu naona ya bibi yule. Miaka yote mitatu imekuwa hivyo. Wenzangu hunitania kwamba napenda maji kuliko bata. Sijawaambia kitu.

Na jina lake silijui. Nilisema ndiyo juu ya mtu ambaye hata jina lake sikulijua. Shangazi analijua. Nenda kamwulize, uliandike kwenye kitabu, pembeni ya ule mstari wa penseli.

Kwa hiyo jina langu lisiwemo katika karatasi yenu. Wakikuuliza, waambie mkubwa amekataa, na waambie sababu, hata hili la mfinyanzi. Heri waniseme mimi mwongo. Kama umeshaniandika kwa kudhani nitakubali, nifute mwenyewe kwa mkono wako. Sikulaumu kwa uchungu wako. Ningekuwa mimi nimezika mtoto, labda ningeshika paa la mtu wa kwanza.

Msalimie sana Mama Nakimuli, mwambie nayaonea huruma macho yake. Nisalimie Baba Mkubwa Ukasha, umwambie ile redio yake sijaisahau. Na Shangazi Nankya msalimie ana kwa ana, ndani kwake, ukiwa umekaa. Asinywe chai peke yake. Mungu akutie nguvu, akupe usingizi, na awafungulie tena mlango wa watoto.

Msimamizi wetu Khattab aliniletea mkataba wa miaka mingine miwili. Nilikuwa nimeshaamua kuweka saini, unajua mipango yangu ya ile nyumba ya matofali. Jana nimemrudishia karatasi bila saini. Akaniuliza kama nina wazimu, nikamwambia nina shangazi.

Nitatua Entebbe Jumapili, tarehe 24 Agosti, na Jumatatu jioni nitakuwa kijijini, siku tano kabla ya kikao chenu. Usinitandikie kwako. Nitalala kwa Shangazi, nitakula atakachopika, na tarehe 30 wanaokuja kuezua watanikuta ndani.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Ssentongo