Maganda ya Machungwa

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, sweta la shule halijakauka, na jikoni shuleni moshi wa kuni umerudi.

Nimeurudisha mimi.

Sijamwambia mtu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayenijua.

Klabu yetu ya mazingira ina mtambo wa gesi: shimo lililojengewa, tunalilisha taka za sokoni, zinaoza, gesi inakwenda jikoni. Kazi yangu ni kupita soko la Tukuyu kuchukua maganda ya ndizi na mboga zilizoharibika. Nilipewa mimi eti kwa sababu sibishani na watu.

Mwezi uliopita Mama Atu, muuza juisi, akaniita. "We mtoto mpole, za wenzangu unabeba. Zangu zina ukoma?" Meza nzima ikacheka. Akanisukumia gunia la maganda ya machungwa na malimau.

Nilijua. Machungwa yakizidi, mtambo unachacha, na vijidudu vinavyotengeneza gesi vinakufa. Niliyaeleza hayo kwenye mtihani, kwa Kiingereza, nikapata alama zote. Lakini kumwambia mama wa watu, mbele ya wenzake, kwamba taka zake hazifai? Kwa Kiswahili sikuona pa kuanzia. Nikakunja goti, nikapokea.

Kesho yake tena. Wiki tatu.

Ningeweza kuyamwaga njiani. Nikajidanganya kwamba hayatadhuru.

Wiki iliyopita moto ulififia, juzi ukazima kabisa. Mwalimu wetu wa klabu anasema ni baridi ya huku. Leo kwenye kikao akasema shimo lifukiwe Ijumaa, Rungwe si mahali pake. Wote wakakubali, wamechoka kunuka. Nami najua kwamba tukiacha kuulisha mtambo kwa muda, tukautia samadi mbichi ya ng'ombe, huenda ukaamka. Nikanyoosha mkono nusu. Mwalimu aliponitazama, nikajikuna kichwa.

Baadaye nilimkuta mama mpishi anapuliza kuni mbichi, macho mekundu. Kikohozi chake kilikuwa kimeisha. Leo nimekisikia tena. Nilikwenda nimwambie, naapa.

Akanitangulia. "Usihuzunike, mwanangu. Wenzako walitegea, wewe hukuacha kuleta hata siku moja."

Nikasema asante.

Asante!

Imebaki Alhamisi moja tu. Na mimi najijua.