Sikukuu Zote Tarehe Moja Juni

Homa Bay,
Jumatatu, 3 Juni 1968

Mama Gati,

Miguu inaniuma kwa kucheza. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza: "Mlicheza, ama mlikaa tu kama watu wa baraza?" Tulicheza, Boke. Tulicheza mpaka jirani akaja kulalamika, naye akaishia kucheza. Nyumba bado inanuka mafuta ya kukaangia, manyoya ya kuku yamefika hadi chini ya kitanda, na mimi nimeketi mezani na penseli ya Omondi, kwa sababu wino umekauka.

Baba Omondi aliniuliza asubuhi naandikia nani. Nikamwambia, Boke. Alinichongea penseli vizuri, akaenda kazini.

Naandika kwa Kiswahili, maana wewe na mimi hatukuwa na lugha nyingine. Kikuria chako kilinishinda kabisa, na Kijaluo changu ulikitumia kununulia samaki na kutukania watu tu. Nacheka peke yangu hapa. Hata siku tuliyojuana tulianza na shida hiyo. Ile zahanati ya Migori, vitanda viwili, mvua juu ya mabati, na nje watu wanapiga ngoma kwa sababu ya Madaraka. Kenya inapata serikali yake, na sisi tunapata watoto! Wewe unalia kwa Kikuria, mimi nalia kwa Kijaluo, na nesi maskini anataka kuwahi hotuba uwanjani. Hadi akapaza sauti: "Lieni kwa Kiswahili, nijue ni nani anasukuma!"

Ukacheka katikati ya uchungu. Mtu akicheka katikati ya uchungu wa kuzaa, utamwacha vipi? Nikajua nimepata rafiki.

Omondi alitoka alfajiri, Gati akatoka mchana watu wakiimba. Halafu homa ikakushika, maziwa yakakataa kutoka, na Gati akalia mpaka sauti ikamkauka. Nikamchukua. Huyu kulia, huyu kushoto, siku tisa. Hukunishukuru kwa maneno, ulinishika tu kisigino, kwa sababu ndicho ulichoweza kukifikia kutoka kitandani kwako. Ulipopata nafuu ukaniambia jambo moja: mama mkwe wako asijue. Mama Wankuru hakutaka hata kikombe cha nyumba nyingine kiguse mdomo wa mjukuu wake, sembuse ziwa la mwanamke wa Kijaluo. Nikakuahidi. Tukalifunga hilo jambo kati yetu.

Halafu ukaja na sheria yako. Ulisema serikali imetangaza siku hiyo ni ya kupumzika, watoto wetu wamezaliwa siku hiyo, basi kuna haja gani ya kuwa na sherehe nyingine mahali pengine kwenye kalenda? Mwaka wa kwanza ukamchelewesha Gati kubatizwa mpaka tarehe moja Juni. Mwaka wa pili hoteli yako ya chai na mandazi ilikuwa tayari, benchi zimepakwa rangi, na bado ukakaa wiki tatu nzima bila kuifungua, wateja wakichungulia dirishani, mpaka ifike siku yenyewe. Mume wako Mwita akakasirika, wewe ukamwambia, "Ngoja. Nataka hoteli yangu ifunguliwe na bendera."

Na mwaka wa tatu ukatuoza! Mimi na Baba Omondi tulikuwa tumetoa ng'ombe, tumeishi, tumezaa, hatukuwa tunadaiwa harusi na mtu. Lakini ulitoka Migori mpaka Homa Bay kumwona padri wetu, ukamwambia hawa wawili wanataka kufunga ndoa kanisani, tarehe moja Juni. Padri akaja kunipongeza na mimi sijui anasema nini. Alikuuliza kwa mzaha, "Boke, na Krismasi je, hutaihamisha?" Ukamjibu, "Hiyo ina mwenyewe, Padri. Nimemwachia."

Nilifunga ndoa nikiwa na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Sijawahi kufurahi vile.

Sasa nikwambie ya mwaka huu. Ulitutoka Januari, ghafla, na mimi nilifika kwenu mazishi yameshaisha, kwa sababu habari ilichelewa. Sitaandika mengi juu ya hilo. Nilisimama pale kwenye udongo mbichi nikashindwa hata kulia. Baadaye nikasikia kwamba Mwita amepata kazi Tarime kwa ndugu yake, na kwamba atavuka mpaka na Gati, na huko atapata mama mwingine. Sikumlaumu. Mwanamume mwenye mtoto mdogo afanye nini? Lakini nilikosa usingizi.

Mwezi wa tano, mvua ikiwa kali kabisa, nilikwenda nyumbani kwenu kumwomba Mama Wankuru aniruhusu kumchukua Gati kwa siku ile moja tu. Nilimkuta akipukuchua mahindi ya mwaka jana. Hakuniambia keti. Nikajiketisha.

"Mwaka huu hakuna ngoma hapa," akasema kabla sijamaliza. "Mwaka haujaisha tangu tumzike."

Nikamwambia sio ngoma, ni watoto tu, ni chai na mandazi.

"Wewe ni nani wa huyu mtoto?" akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya, Boke. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Mimi ni mama ya baba yake. Wewe ni nani?"

Na mimi, nisamehe, nilivunja siri yetu. Ilinitoka tu. Nikasema, "Mama, mtoto huyu amenyonya ziwa langu siku tisa. Nikimsahau nitakuwa nimemsahau wa kwangu."

Mikono yake ikasimama juu ya mahindi. "Boke hakuniambia," akasema. Basi. Akaendelea kupukuchua mpaka nikaondoka. Njia nzima hadi Rongo nilikuwa najitukana. Nilijiona nimekusaliti ukiwa kaburini, na hata mtoto sikumpata.

Kwa hiyo Jumamosi sikupanga kitu. Ilikuwa Jumamosi, kama ile ya kwanza. Nilimvalisha Omondi shati la shule, tukaenda uwanjani kuona gwaride na kusikiliza hotuba. Watoto wengine walipeperusha vibendera vya karatasi, wa kwangu akabaki amekiviringisha chake mkononi. Tuliporudi nilimpa mandazi yenye sukari juu, kama ulivyokuwa unafanya. Akaisukuma. "Hii ni ya watu wawili," akasema. Ametimiza miaka mitano, Boke. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta kuni.

Nikiwa huko nikasikia Omondi anapiga kelele. Nikakimbia nikidhani ameumia. Mbele ya nyumba amesimama Mama Wankuru, matope mpaka magotini kwa sababu basi lilikwama na abiria wakashuka kulisukuma. Kwapani ana kuku, kichwani ana mzigo, na mkononi amemshika Gati.

Gati amekuwa mrefu! Ana lile paji lako la uso. Alimwangalia Omondi, Omondi akamwangalia, kisha wakaanza kusukumana kama ndama, bila hata salamu.

"Mama," nikasema, "karibu. Sikujua..."

"Mimi sikuja sherehe," akasema, akinipa kuku. "Ulisema mtoto alinyonya ziwa. Mimi tangu nizaliwe sijaona ziwa. Nimekuja kuona."

Nilidhani kweli hakunielewa, kwamba yule mama amesafiri njia yote ile akidhani mjukuu wake alikunywa maji ya lile ziwa la Nyanza. Nikaanza kutafuta maneno ya kumweleza. Ndipo nikaona bega lake linatikisika. Alikuwa ananicheka, Boke! Mama mkwe wako, ambaye ulisema hajui kucheka!

Akaingia jikoni kwangu bila kuonyeshwa njia, akauliza sufuria kubwa iko wapi. Tukachinja kuku wake, nikaongeza ngege niliokuwa nimewanunua kwa wavuvi. Yeye hakutaka kumgusa samaki, halafu akala wawili. Tukiwa tunakata vitunguu, wote wawili tunatoa machozi na vitunguu vikapata lawama, akaniambia, "Ulipoondoka nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikafikiria: kama wewe hungekuwa pale, sasa mimi ningekuwa na mtoto gani?" Kisha akasema, kama mtu anayetoa habari za bei ya mahindi, kwamba Mwita amekwenda Tarime peke yake. Wamezungumza. Gati anabaki kwake, ataanza shule Migori, na likizo zikifika atakuja kwetu. "Huko Tarime hana mtu amemnyonyesha," akasema. Nilikiacha kisu nikakaa chini sakafuni.

Mchana Omondi alimpeleka Gati ufukweni kuona meli. Alimwambia kwamba kila meli inayokuja Homa Bay lazima isimame gatini, kwa hiyo zote zinamwomba yeye ruhusa. Gati akasimama pale, mikono kiunoni, akaipa ruhusa meli moja na kuinyima nyingine.

Jioni jua likiwa bado juu ya maji, Baba Omondi alitoa gramafoni ya rafiki yake. Tulikuwa tumeshataja yote kwa mpangilio wako: Madaraka, watoto, ubatizo, hoteli, harusi. Mama Wankuru akasikiliza, kisha akaniita pembeni.

"Na mimi sijui nilizaliwa siku gani," akasema. "Hakuna mtu aliandika. Kuna nafasi?"

Nikamwambia nafasi ipo. Tukampigia makofi, Baba Omondi akamuuliza tuandike miaka mingapi, sitini? Akakataa. Sitini ni mingi. Tukabishana kama watu wa sokoni, akakubali hamsini na nane. Ndipo akasimama kucheza, na ndipo jirani akaja kulalamika.

Jana ilikuwa Pentekoste, tukaenda kanisani wote. Leo alfajiri niliwasindikiza mpaka basi. Tukiwa tunangoja, Gati akanivuta gauni. "Mama Omondi, mama yangu alikuwa anacheka namna gani? Nimeanza kusahau."

Nilijaribu. Nilijaribu mara mbili, ikatoka kama kikohozi cha mbuzi. Omondi akatikisa kichwa, sio hivyo. Ndipo Mama Wankuru akaweka mzigo chini, akatupa kichwa nyuma, akacheka kicheko chako. Chenyewe, Boke. Kile kinachoanza puani, kinakwama, halafu kinamwagika chote. Watu wa basi waligeuka. Mimi niligeuka kukutafuta. Miaka yote ile uliyodhani hakupendi, yule mama alikuwa amekaa jikoni kwake anakusikiliza.

"Hivyo," akamwambia Gati. "Kilikuwa kinasikika mpaka mtoni." Gati akakijaribu pale pale, akakikaribia.

Basi lilipoondoka bado nilikuwa namsikia anakijaribu dirishani.

Lala kwa amani, rafiki yangu, usiwe na hofu juu ya mtoto. Mwakani ni zamu ya Migori, na nakuahidi nitafika siku moja mapema, nipike mwenyewe, nicheze kwanza kabla ya wengine. Kila mwaka nitampa Gati jambo moja juu yako, moja tu, ili yasiishe haraka.

Wako katika siku zote na katika ile moja,

Mama Omondi